Mafiga ya Chumba cha Mbele

Watu wa machimbo ya mji wa kale walimwita Bi Mswaki, naye aliitika bila kinyongo, maana jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiosha vigae vya vyungu kwa miswaki ya meno. Si zile brashi za kitaalamu ambazo Profesa aliziagiza mara moja kutoka mbali, zikafika zimeviringishwa karatasi laini kama vito, zikakaa kabatini hadi panya wakazizoea. Mswaki wa dukani, ule mgumu, aliokata mpini wake ili uenee kiganjani. Aliketi kwenye kigoda nyuma ya bohari ya makumbusho, mabeseni mawili mbele yake, la maji ya kwanza na la maji ya pili, akachukua kipande cha chungu kilichozikwa miaka mia saba, akakisugua mgongo, akakisugua tumbo, akaziacha kingo. Kingo za kigae husuguliwa na wajinga. Ukizisugua unakula alama, na kesho kigae hakitaungana na mwenzake. Jambo hilo aliwaambia wanafunzi wa chuo kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi walisugua kingo.

"Mwanangu, unaosha kigae au unamchua mgonjwa?" angemwuliza mmoja. Na mwingine aliyekuwa na haraka: "Taratibu basi! Mwenye chungu hajakudai, amekufa zamani."

Alikuwa na mdomo, huo ndio ukweli. Hata Profesa, mwanaakiolojia aliyeongoza machimbo yote na ambaye wasaidizi wake walimwogopa kama homa, alipokuja nyuma ya bohari alipunguza sauti.

Lakini ungemfuata nyumbani ungekuta mtu mwingine. Alikaa peke yake katika nyumba ya wazazi wake, vyumba viwili na sebule, mahali ambapo barabara inapinda. Nyuma palikuwa na jiko zuri tu, la matofali, lenye dirisha na bomba la moshi. Bi Mswaki hakulitumia. Jiko lake la gesi, mtungi wake, masufuria na chumvi yake vyote vilikuwa sebuleni, pembeni mwa mlango wa mbele, na mlango wenyewe ulikaa wazi tangu anaporudi kutoka kazini hadi anapokwenda kulala. Mapazia yalinuka vitunguu. Viti vya wageni vilihamishiwa chumbani, vikapandishwa kimoja juu ya kingine.

"Shoga, wageni wako siku hizi unawakalisha kwenye sufuria?" jirani yake alimtania.

"Jiko la nyuma linavuja," alijibu.

Lilikuwa halivuji hata tone. Ukweli ni kwamba ukisimama penye lile jiko la sebuleni unaiona barabara yote, kuanzia mlangoni hadi kwa fundi cherehani, pale inapopinda na kupotea. Na njia hiyo ndiyo aliyopita binti yake, mtoto wake wa pekee, miaka saba iliyopita. Waligombana kwa sababu ya mwanamume. Hata sura ya mwanamume huyo Bi Mswaki alikuwa ameshaanza kuisahau. Maneno yake mwenyewe ndiyo hakuyasahau. Alisema akiwa jikoni, huko nyuma, mwiko mkononi: "Ukivuka kizingiti hicho kwa ajili yake, usirudi." Akasikia hatua zikienda mbele ya nyumba, mlango ukafunguliwa, mlango ukafungwa. Yeye akaendelea kukoroga sufuria, maana alijua kabisa kwamba mtoto atafika kwa fundi cherehani kisha atageuka. Alipotoka kuchungulia, barabara ilikuwa tupu. Hata mgongo wa mwanawe hakuuona. Wiki iliyofuata akahamisha jiko.

Sasa, mdogo wake wa kiume, seremala, alikuwa akimsihi tangu mwanzo wa mwaka ahamie kwake upande wa pili wa mji. Alikuwa na sababu. Dada yake alikuwa na miaka sitini na mmoja, magoti yamechoka kwa kigoda, na mwezi uliopita alianguka bafuni akalala sakafuni saa nzima kabla jirani hajasikia. Jumatatu ile alimpigia simu akiwa kazini.

"Dada, nimesema mara ya mwisho. Chumba nimekijenga, kitanda nimekiranda kwa mikono yangu, wewe kila mwezi una kisingizio kipya. Jumamosi nakuja na gari. Usipokuja, mama mkwe wangu anakichukua. Na wewe unamjua mama mkwe wangu, akishaingia pahali hatoki."

"Na nyumba?"

"Nyumba tutaifunga. Itaenda wapi?"

Bi Mswaki aliitazama simu muda mrefu baada ya mdogo wake kukata. Tutaifunga. Maana yake siku binti yake atakapotokea pale kwa fundi cherehani, kama atatokea, atakuta kufuli. Atafikiri mama yake alimaanisha yale aliyoyasema. Kwa wazo hilo akasahau hata kumfokea mwanafunzi aliyekuwa akisugua kingo mbele ya macho yake.

Jumanne akafika binti mmoja wa nyaraka.

Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, mkoba umemshusha bega. Alifanya kazi katika jumba la nyaraka za kale, na kwa miaka miwili alikuwa akinukuu daftari moja tu: daftari la mwandishi wa barua wa ule mji wa kale ambao Profesa alikuwa akiuchimba. Zamani hizo watu wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo walikwenda kwa mwandishi, wakamwambia ya moyoni, akawaandikia. Mwandishi huyu alikuwa mtu makini, Mungu amrehemu: kila barua aliyoiandika alibakiza nakala daftarini.

"Shikamoo, mama," binti alimwamkia Bi Mswaki kabla hajamwamkia Profesa, na kwa hilo tu akapendwa.

"Marahaba, mwanangu. Kaa mbali na beseni, maji haya yana matope ya enzi tatu."

Profesa hakufurahia ujio wake. Yeye alikuwa mtu wa udongo, wa mwiko wa kuchimbia na chekecheo. Watu wa karatasi aliwaheshimu kama mtu anavyowaheshimu shemeji zake: kwa lazima, na wasikae sana. Juu ya meza ndefu ya bohari alikuwa ametandaza michoro ya nyumba aliyoichimba miaka mitatu nyuma, ya tatu kutoka kisimani. Nyumba hiyo ilikuwa fahari yake. Ilikuwa na mafiga mahali pawili: chumba cha nyuma, yanapotarajiwa, na chumba cha mbele kabisa, penye mlango, ambapo hakuna mtu mwenye akili zake anayepika. Yeye alikuwa ameshaandika kwamba zilikaa humo familia mbili kwa wakati mmoja, labda wakimbizi wa vita wamepewa hifadhi, kila moja na moto wake. Ripoti ilibaki kupigwa chapa tu.

"Nisikilizeni kidogo," binti wa nyaraka alisema, akafungua karatasi zake. "Hii ni barua ya mke wa fundi wa kufua shaba. Mumewe alisafiri kikazi." Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari:

"'Kwa mfua shaba, kutoka kwa mkeo, nyumba ya tatu baada ya kisima, yenye ngazi ya jiwe jekundu. Mimi mzima. Mbuzi mzima. Ukuta wa nyuma umepasuka. Nimeyatoa mafiga chumba cha nyuma, nimeyaweka chumba cha mbele, penye mlango. Moshi unaniumiza macho lakini sina neno. Rudi salama.'"

Ngazi ya jiwe jekundu ilikuwa pale pale mezani, imechorwa kwa penseli nyekundu na mkono wa Profesa mwenyewe. Lakini Profesa hakuwa mtu wa kukubali upesi.

"Hapana," alisema. "Kwanza, ukuta. Ukuta wa nyuma tumeuchimba hadi msingi. Hauna ufa hata wa unywele. Huyu mama ni wa nyumba nyingine. Karatasi hizi, binti yangu, zinasema lolote alilotaka msemaji."

"Na udongo hausemi kitu mpaka mtu ausemee," binti alijibu. Alikuwa mpole, lakini hakuwa mjinga.

Bi Mswaki alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kule kwenye kigoda kabla hajaipa ruhusa. "Ukuta haukupasuka. Alidanganya."

Wakageuka wote wawili.

"Amdanganye mumewe kwa ajili gani?" Profesa aliuliza.

"Hakumdanganya mumewe. Barua aliiandika nani? Si mwandishi, mwanamume wa pale pale mtaani? Unataka amwambie, 'Baba, andika kwamba nimehamisha jiko ili nipike huku naangalia njia'? Kesho yake mtaa mzima ungemcheka. Mtu akifanya jambo kama hilo hutafuta kisingizio. Husema ukuta umepasuka. Husema jiko linavuja."

Akajiona amejivua nguo. Binti wa nyaraka alikuwa amevua miwani, anamtazama.

Profesa alikuna kidevu. "Maneno mazuri. Lakini vyungu vinakataa. Kama ni mtu mmoja aliyehamisha moto, vyungu vya nyuma vingekuwa vya zamani, vya familia, na vya mbele vingekuwa vya baadaye, vya mtu mmoja. Sisi tumekuta vikubwa na vidogo vimechanganyika, mbele na nyuma sawasawa. Ndiyo maana nikasema familia mbili. Na chumba cha nyuma kimeharibiwa na shimo la taka la watu wa baadaye, matabaka yake yamevurugika, sina kipimo kingine. Nina vyungu tu. Bi Mswaki, wewe ndiye uliyeviosha. Si kweli?"

"Ni kweli," alisema, akainama kwenye beseni, akasugua kigae ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi.

Jioni hiyo alipika bila kujua anapika nini. Alijua vizuri kwa nini vyungu vile vilikuwa vimechanganyika.

Miaka mitatu iliyopita, siku mifuko miwili ya vigae vya nyumba ile iliposhushwa kutoka machimboni, wa chumba cha mbele na wa chumba cha nyuma, kila mmoja na lebo yake, alikuwa ameshaloweka wa kwanza wakati simu ilipolia mfukoni. Ujumbe. Namba asiyoijua. *Mama, mimi niko salama. Nina maisha yangu huku. Usinisubiri, na msinitafute.* Aliusoma hadi herufi zikapoteza maana. Akapiga namba ile. Haikupatikana, na haijapatikana hadi leo. Kisha, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, ikaunyanyua mfuko wa pili, ikaumimina kwenye beseni lile lile. Aliposhtuka, vigae mia moja na zaidi vilikuwa vimeogelea pamoja. Katika kazi yao hakuna kosa baya kuliko hilo. Kigae kisichojulikana kimetoka wapi hakina tofauti na kokoto. Alivikausha, akavigawa mafungu mawili kwa kukisia, akarudishia lebo, akafumba mdomo. Na ule ujumbe nao akaufumbia mdomo. Hakumwambia jirani, hakumwambia mdogo wake ambaye mwaka uliopita tu alisafiri siku mbili kwenda kumwulizia mpwa wake katika mji wa mbali, akarudi mikono mitupu. Alimwangalia mdogo wake akivua viatu vyenye vumbi na hakusema neno. Aliona haya. Mtu aliyeambiwa asingoje na bado anangoja, huyo si mama tena, huyo ni kichekesho. Basi akajifanya hajui, akaendelea kupika mlangoni.

Jumatano asubuhi alipiga moyo konde, akaenda hadi meza ndefu.

"Profesa, vyungu vya nyumba ya tatu nilivichanganya mimi. Kwenye beseni. Nikaviwekea lebo kwa kukisia."

Profesa alikaa chini. Alikuwa mweusi wa jua la machimbo, lakini rangi ilimtoka. "Miaka kumi na tisa," alisema. "Watu wote ningewashuku. Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Siku hiyo nilipata habari ya nyumbani."

Alingoja aulizwe habari gani. Profesa hakuuliza, labda aliona uso wake. Alisema tu kwamba ripoti ya miaka mitatu imeharibika, na akatoka nje, na kupitia dirishani walimwona akipiga teke ndoo ya watu.

"Vinaweza kutenganishwa?" binti wa nyaraka aliuliza taratibu.

"Nipe siku mbili na taa nzuri," Bi Mswaki alisema.

Zile kingo alizokuwa akiwakataza watu kuzisugua ndizo zilizomwokoa. Sakafu ya chumba cha mbele ilisiribwa kwa udongo mwekundu. Ya nyuma ilikuwa ya kijivu. Ndani ya kila mvunjiko, katika vitundu ambavyo mswaki haufiki, palibaki punje za sakafu ambayo kigae kiliangukia. Akaketi na kioo cha kukuzia na pini ya nguo, kigae kimoja kimoja, vyote mia moja na sitini na vinne. Nyekundu huku. Kijivu kule. Binti wa nyaraka alikaa naye akiandika namba. Alhamisi mchana waligawana mkate, na binti akamsimulia barua nyingine za mke wa mfua shaba: kwamba zilikuwa tisa, kwa muda wa miaka minne, kwamba mbuzi alizaa, kwamba katika barua ya sita anamwomba mumewe amtumie walau kamba ya kiatu chake, aione.

"Akatuma?" Bi Mswaki aliuliza.

"Sijui, mama. Daftari haliandiki kilichofika. Isipokuwa mara moja." Hapo akasita. "Nitawasomea kesho, Profesa akiwepo."

Ijumaa, mafungu mawili yalikuwa mezani, na hata mtoto angeona. Fungu la kijivu: midomo mipana, vyungu vya kulisha watu sita, masizi ya zamani. Fungu jekundu: vidogo vyote. Vyungu vya mtu mmoja, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kimetumika hadi kikachakaa. Profesa alivizunguka. Aliokota kitako kimoja kisichozidi kiganja, akakirudisha mahali pake kwa adabu.

"Ni yeye," alisema. "Nyumba ni yake. Bi Mswaki, umeniharibia ripoti mara mbili, na ya pili nakushukuru."

Kisha akavuta mchoro wa sakafu, ameshapata moto. "Sasa angalieni. Kila mwaka baada ya mvua walisiriba sakafu upya. Nyumba zote za mtaa ule ni hivyo. Kuyazunguka mafiga ya mbele, tumehesabu matabaka ishirini na mawili. Barua inatwambia alihamisha mafiga lini, udongo unatwambia alikaa hivyo muda gani. Miaka ishirini na miwili! Barua ni za miaka minne tu. Mwandishi alikufa, nini?"

"Mwandishi aliishi miaka kumi zaidi," binti wa nyaraka alisema. "Mwanamke ndiye aliyeacha kuja. Na sababu mwandishi ameiandika mwenyewe, pembeni ya ukurasa." Akasoma, safari hii bila kidole: "'Leo nimemsomea mke wa mfua shaba barua iliyotoka kwa mumewe. Anasema amepata nyumba nyingine huko aliko, na asimngoje. Nimeisoma mara mbili kama alivyoniomba. Ameshukuru, ameondoka.'"

Bi Mswaki alishika ukingo wa meza.

"Kumbe alijua," Profesa alisema. "Mwaka wa nne alijua. Na akasiriba sakafu ile, akapika penye mlango ule, miaka mingine kumi na minane?" Alitikisa kichwa. "Labda akili zilimruka, maskini."

"Akili zake zilikuwa timamu," Bi Mswaki alisema. "Mtu aliyerukwa na akili hasiribi sakafu kila mwaka bila kuruka hata mmoja. Aliambiwa asingoje, akasikia, akaomba asomewe tena ili asije akasema hakusikia. Kisha akangoja. Ni ruhusa yake. Mumewe alikuwa na haki ya kutorudi. Hakuwa na haki ya kumpangia mtu aangalie wapi akiwa anapika." Akamgeukia Profesa. "Na mwisho? Mwaka wa ishirini na mbili, alikuja?"

Profesa alifungua daftari lake la machimbo. Mafiga yalikutwa yamepangwa vizuri, jivu limezolewa. Jiwe la kusagia halikuwepo. Alilibeba au alibebewa. Hakuna kilichovunjika. "Alihama kwa utulivu," alisema. "Peke yake au na mtu, udongo hauna jibu."

"Karatasi?"

"Hakuna, mama," binti alisema.

Aliwaaga mapema. Njiani machozi yalimtoka waziwazi, mtu mzima, mchana kweupe, na hakuyafuta. Hakuwa akilia kwa aibu, ndicho kilichomshangaza. Aibu aliyotembea nayo miaka mitatu ilikuwa imemwacha kule boharini. Kilichobaki ni hamu tu, hamu tupu ya kumwona mwanawe, kubwa kuliko alivyowahi kuiruhusu iwe. Alitamani hata kumsikia akifunga mlango kwa hasira.

Jumamosi saa nne mdogo wake akafika na gari la kuazima, kamba mbili na turubai. Akasimama sebuleni akageuza shingo huku na huku.

"Dada, mbona hakuna hata kifurushi kimoja kilichofungwa?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Gari la watu hili, nimeahidi kulirudisha saa nane."

"Kaa, baba, nikuambie jambo. Ukishasikia, uondoke ukitaka."

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, maana viti vilikuwa chumbani. Bi Mswaki alimpa simu. Mdogo wake alisoma midomo ikichezacheza, akasoma tena, kisha akatazama tarehe.

"Miaka mitatu?" alisema. "Miaka mitatu, dada, unao huu? Nimesafiri siku mbili mimi! Nimelala kituoni! Nimeonyesha picha yake kwa watu nisiowajua, na wewe umekaa hapa unajua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungesema yamekwisha. Na mimi ningekosa la kujibu."

"Si yamekwisha kweli? Si amesema mwenyewe usimsubiri?" Alisimama, akapiga hatua mbili, ambazo ndizo sebule ile iliziruhusu. "Basi simama tufunge vitu, tuondoke katika nyumba hii inayokula watu."

"Nisamehe kwa safari ile," Bi Mswaki alisema. "Hilo nimekukosea, na nitakufa nikijua nimekukosea. Lakini sihami. Nilikuwa nikijifanya sina habari ili niendelee kungoja bila kuchekwa. Sasa sijifanyi. Ameniambia nisimngoje, nimesikia, nimeelewa. Namngoja. Chumba mpe mama mkwe."

Mdogo wake alimtazama kama mbao aliyoipima vizuri na bado haikai. "Mpaka lini?"

"Sijui."

"Dada, hakuna mtu duniani anayengoja namna hiyo."

"Yupo mmoja. Alikaa miaka ishirini na miwili, na aliambiwa kama mimi."

"Nani huyo? Wa mtaa huu?"

"Humjui. Alihama kabla hatujazaliwa."

Seremala alitoka nje, akasimama karibu na gari, mgongo kwa nyumba. Alimpigia mkewe, akamwambia mama aanze kufungasha. Kisha hakuondoka. Alibaki pale anaitazama barabara hadi kwa fundi cherehani, kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza, na aliporudi mlangoni hasira ilikuwa imemwisha, imebaki sauti ndogo ya yule mdogo wake wa utotoni.

"Na siku akija," aliuliza, "utamwambia nini?"

"Sitamwambia kitu," dada yake alisema. "Siku ile nilisema mengi."